Samaki Hawangoji Mpaka

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulitiwa sahihi Berlin, pasipo mvuvi hata mmoja wa Ziwa Nyasa kuulizwa. Kwa mkataba huo Malawi yadai maji hadi ufukoni kwetu. Tanzania yashikilia mstari wa katikati. Lakini mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana mstari wa katikati upande wa Msumbiji, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki vya Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Kumbe mapatano yawezekana! Ndugu viongozi, shauri la mpaka likingali mezani, nchi tatu zipatane kwanza juu ya matundu ya nyavu na majira ya samaki kuzaliana. Usipa tulao hadi Namswea hawajui mkataba. Wakiisha, mshindi atarithi maji matupu.