Istilahi ya "Uzoefu wa Mtumiaji": Mfano wa Maktaba ya Ngamia ya Garissa

Makala haya yanachunguza istilahi moja ya taaluma ya ubunifu wa vyombo na huduma, yaani "uzoefu wa mtumiaji". Dhana hiyo ilipata umaarufu katika miaka ya 1990, Donald Norman alipoitumia katika kampuni ya Apple nchini Marekani. Kwa mujibu wa dhana hiyo, kitu hakipimwi kwa umbo lake tu, bali kwa yote yampatayo mtu tangu anapokikabili hadi anapokiacha.

Mfano wa karibu ni maktaba ya ngamia, iliyoanzishwa Garissa mwaka 1996 na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya. Jengo la maktaba humtaka msomaji alifuate. Mfugaji naye hufuata mvua na malisho.

Kanuni tatu zajidhihirisha hapa. Kwanza, mtumiaji hujulikana kabla ya kitu kubuniwa: ngamia hupita pasipopitika kwa gari, na wenyeji wamemzoea. Pili, chombo huafikiana na mazingira: vitabu husafiri masandukuni mgongoni mwa mnyama, na hema na mikeka hugeuza uwanda kuwa chumba cha kusomea. Tatu, huduma hutazamwa nzima: aliyeazima kitabu asipojua msafara utarudi lini, maktaba imeshindwa, hata kitabu kiwe kizuri namna gani.

Sasa tuitazame istilahi yenyewe. "Uzoefu" hutokana na kitenzi "zoea", ambacho hudai muda na marudio. Mtoto anayefungua kitabu kwa mara ya kwanza hana uzoefu wowote. Lakini yampatayo saa hiyo ndiyo hasa ambayo mbunifu anapaswa kuyajua. Istilahi hii, basi, humwacha nje mtumiaji mgeni.

"Tajriba", neno lenye asili ya Kiarabu na linalobeba maana ya kujaribu, lafaa zaidi. Kwa kuwa baadhi ya waandishi hulitumia kwa maana ya ujuzi wa siku nyingi, halina budi kufafanuliwa: tajriba ya mtumiaji ni jumla ya ayaonayo, ayahisiyo na ayatendayo mtu akikitumia kitu, iwe mara ya kwanza au ya mia.

Suala hili si la kamusi peke yake. Mbunifu aelezwaye kazi yake kwa neno la mazoea ataelekea kuwauliza waliokwisha kuzoea, na wale ambao msafara haujawafikia hawatakuwamo hesabuni.