Roboti ya miguu minne: Piga hesabu kabla ya kununua mota

UNATAKA kuunda roboti inayotembea kwa miguu minne? Usikimbilie Luthuli Avenue kununua mota kabla ya kupiga hesabu ya miguu.

Wengi wanaoanza huchukua servo ya SG90 kwa sababu ni ya bei nafuu na ina uzani wa gramu 9 tu. Lakini kwa volti 4.8, inainua takriban kilo 1.8 sentimita 1 kutoka kwenye ekseli yake. Unyayo ukiwa sentimita 6 kando, zinabaki gramu 300, na hapo mota imefika kikomo. Ihesabie nusu: gramu 150.

Sasa chukua roboti ya gramu 600. Ikiinua mguu mmoja, mitatu iliyobaki inabeba mzigo wote, kama gramu 200 kila mmoja. Servo itapata moto, itatetemeka na mwishowe kuungua. Pesa zako kwisha!

Dawa si lazima iwe mota kubwa. Fupisha umbali huo hadi sentimita 4, na kila mguu utamudu gramu 225.

Usitegemee umeme wa Arduino kuendesha servo zote. Zipe betri yake, ila nyaya hasi ziunganishwe pamoja. Na ujaribu mguu mmoja kwanza kabla ya kuunda mingine mitatu.