Mgeni wa dojo huanzia sakafuni

Kila Januari, na kila filamu mpya ya mapigano inapovuma, swali hunijia lilelile: nianze na karate, judo, taekwondo, au ile ya kukabana chini? Muulizaji mara nyingi ameshatazama video za kutosha na jibu analo mfukoni. Anataka tu niliunge mkono. Nami humrudishia maswali. Unakaa wapi? Ukumbi gani wa mazoezi, yaani dojo, uko njiani kati ya kazini na nyumbani? Nani anafundisha pale, na umeshamwona akimfundisha mtu asiyejua kitu?

Swali la mtindo lina maana yake, ila limetiwa chumvi. Michezo hii ina undugu wa karibu kuliko wafuasi wake wanavyopenda kukiri. Jigoro Kano alianzisha judo jijini Tokyo mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji, kwa kuchukua mbinu za jujutsu ya zamani na kuziweka kando zile zilizokuwa zikiwavunja watu viungo mazoezini. Gichin Funakoshi alipotoka Okinawa mwaka 1922 kwenda kuitambulisha karate Tokyo, Kano ndiye aliyemwalika aje kuionyesha Kodokan, ukumbini kwake. Vazi jeupe la karate na mkanda wake vimeazimwa kutoka judo. Mikanda myeusi ya kwanza ya karate Funakoshi aliitoa mwaka 1924. Zile rangi za katikati, njano, chungwa, kijani, buluu, zilishika Ulaya miaka ya 1930, hasa kupitia Mikonosuke Kawaishi aliyekuwa akifundisha judo Paris. Kwa hiyo mtu akikuambia rangi hizo ni siri ya kale ya samurai, msikilize kwa sikio moja.

Tofauti zipo, lakini hazichukui muda kuzieleza. Karate na taekwondo ni michezo ya kupigana kwa umbali: ngumi na mateke, na maumivu yake mengi ni ya kupigwa au ya kuvuta msuli. Judo na jujutsu ni michezo ya kushikana: kutupa, kubana, kukaba, na maumivu yake ni ya kuanguka na kukunjwa viungo. Mwenye bega lenye tabia ya kuteguka asikimbilie kundi la pili. Zaidi ya hapo, fuata kinachopatikana karibu na kwako, maana ukumbi wa mbali utauacha kabla ya mwezi wa tatu.

Na karibu na kwako huenda pana historia usiyoijua. Dar es Salaam ilipata karate ya mtindo wa Goju-ryu miaka ya 1970 kupitia Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha katika shule ya Zanaki. Waliopita mikononi mwake na mwa wanafunzi wake ni wengi. Zanzibar ina vijana wa judo waliofundishwa na Mjapani aliyekuja visiwani akaamua kukaa. Kenya ilimpeleka Faith Ogallo kwenye taekwondo ya Olimpiki ya Tokyo, na Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania kwenye judo ya Paris mwaka 2024. Mwalimu mzuri anaweza kuwa anafundisha kwenye darasa la shule ya msingi jioni, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani, bila bango wala ukurasa wa Instagram.

Utamjuaje, basi? Mtazame anavyomfundisha mgeni kuanguka.

Japani ilikuja kulitambua jambo hili kwa gharama kubwa. Tangu mwaka 1983, watoto zaidi ya 100 wamekufa katika judo ya shuleni nchini humo. Kwa miaka mingi kila kifo kilichukuliwa kama ajali ya peke yake, mpaka mtafiti wa elimu Ryo Uchida alipozikusanya taarifa na kuziweka pamoja. Picha iliyojitokeza ilikuwa wazi. Wengi waliokufa walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa sekondari ya chini au ya juu: yaani wageni. Sababu kuu ilikuwa damu kuvujia ndani ya fuvu. Mtupo uliotajwa sana ni osoto-gari, ambao mtupaji hufagia mguu wa mwenzake kwa nyuma na kumwangusha chali. Serikali ilipoifanya michezo ya jadi ya mapigano kuwa somo la lazima katika sekondari za chini mwaka 2012, wazazi walipaza sauti, na shirikisho la judo likaanzisha leseni za makocha pamoja na miongozo mikali ya kumpokea anayeanza. Vifo vikapungua sana. Judo ilikuwa ileile, mitupo ileile. Kilichobadilika ni namna mgeni anavyopokelewa.

Tena kichwa hakihitaji kugonga chini ili kiumie. Kikirushwa nyuma kwa ghafla kisha kikasimama kwa ghafla, ubongo huchelewa kidogo ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando wake huvutika hadi kuchanika. Shingo ya mtu aliyezoea hujikaza yenyewe. Shingo ya mgeni haijui kinachokuja.

Kuanguka chali hufundishwa hivi. Unachuchumaa. Mikono umeinyoosha mbele, kidevu kimeshikana na kifua, macho yanatazama fundo la mkanda wako. Unajiachia nyuma, makalio yakitangulia, mgongo umeupinda. Mgongo unapogusa mkeka, mikono yote miwili inapiga chini kwa pamoja, kutoka bega hadi kiganja, ikiwa imeachana na mbavu kwa nyuzi 30 hadi 45, huku ukitoa pumzi. Kichwa hakigusi chini. Macho bado yako kwenye fundo.

Kile kishindo cha mikono kinachowafanya wapita njia wachungulie dirishani kina kazi mbili. Kwanza kinatawanya nguvu ya anguko kwenye eneo kubwa la mwili. Pili, na kwa mgeni hii ndiyo kubwa, kinaipa mikono shughuli. Mtu asiyefundishwa hutanguliza kiganja nyuma yake. Uzito wote hupanda kifundo cha mkono, ukapita kiwiko na bega, ukaishia kwenye mtulinga, na mtulinga ukavunjika.

Mwalimu anayejua kazi yake atakuweka kwenye kuchuchumaa kwa siku kadhaa. Kisha utaanguka ukitoka kusimama, kisha ubavu wa kulia na wa kushoto, kisha kwa mwenzako anayekushusha polepole akiwa ameushikilia mkono wa koti lako. Ndipo mtupo. Na utaona wenye mikanda myeusi nao wakianguka mara 20 au 30 kila siku kabla ya jambo lingine lolote. Wanafunzi wengi hulichukia zoezi hili mwezi wa kwanza, wanaliona la kitoto. Mimi naona ndilo somo lenye faida kuliko yote tunayofundisha, kwa sababu wengi wao hawatapigana na mtu mtaani maisha yao yote, lakini bafu lenye sabuni na ngazi zilizoloa mvua watakutana navyo kila mwaka. Hata ukumbi wa karate uupime kwa kipimo hiki, maana mgeni akifagiwa mguu katika pambano huanguka vilevile.

Kabla ya kulipa, omba kukaa pembeni utazame darasa zima, siku ya kawaida, siyo siku ya maonyesho ya kuvunja matofali. Mwalimu akikukatalia, ameshakujibu. Ukikubaliwa, acha kuwatazama mabingwa. Mtafute mtu mpya kuliko wote ukumbini na usimwondolee macho. Amepangwa na nani? Ukumbi mzuri humpa mwenzake mzoefu na mtulivu. Ukumbi mbaya humpanga na mgeni mwenzake, wote wawili hawajui, au humtupia kijana mwenye mkanda wa kahawia anayetafuta mtu wa kujipimia. Angalia pia kinachotokea mtu anapobanwa. Kugonga mara mbili, kwenye mkeka au kwenye mwili wa mwenzako, maana yake ni achia. Je, mkono unaachiwa papo hapo, au mpaka mbanaji atosheke? Nusu sekunde hiyo ndiyo kiwiko cha mtu.

Hesabu mikanda. Ukikuta weupe wengi, weusi watatu, na katikati hakuna mtu, jiulize wa katikati wanapotelea wapi.

Tazama na sakafu. Karate unaweza kuianza kwenye saruji au kwenye kiwanja cha mchanga, na wazuri wengi wameanza hivyo. Mitupo haiwezekani hapo. Mikeka halisi ya judo ina unene wa sentimita 4 hadi 5 na bei yake si ya kila klabu, ndiyo maana wengine hujitengenezea: maranda yaliyoshindiliwa na turubai lililokazwa juu yake. Likitunzwa vizuri linafaa kabisa. Lisilofaa ni lile ambalo mgeni hulipenda, godoro la kulalia. Mguu huzama ndani yake, mwili unageuka, goti linabaki pale pale. Uliza pia mikeka inafutwa kwa dawa mara ngapi, kwa sababu choa huenea kwa kasi pale ngozi zinapokutana. Wewe nawe kata kucha, vua pete na hereni, na uoge.

Kuhusu fedha, lipa mwezi mmoja mmoja. Usinunue vazi wiki ya kwanza. Fulana na suruali ya mazoezi vinatosha kwa karate, na kwa judo ukumbi huwa na makoti ya kuazima. Kwa Tanzania Bara, vyama na vilabu vya michezo husajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani kinaweza kuulizwa kimetoka wapi. Na mwalimu anayekuahidi kwamba baada ya miezi mitatu utawamudu vibaka watatu wenye visu, mshukuru kwa muda wake na uondoke. Miezi mitatu inakupa pumzi nzuri zaidi, miguu iliyotulia, na akili ya kukimbia mapema.

Kuna maswali mawili ambayo Pwani huulizwa kwa sauti ya chini. La kwanza ni la kuinama. Heshima ya dojo, kuinamia mwenzako na sakafu, huwakwaza baadhi ya Waislamu, wanaoona kuinama ni kwa Mungu pekee. Walimu wengi wanalielewa hili na hukubali kichwa kuinamishwa kidogo tu au salamu ya mkono. Zungumza na mwalimu faragha kabla ya siku ya kwanza. Atakavyokujibu utajua atakavyokuchukulia siku utakapoumia. La pili ni la wanawake. Hijabu ya michezo isiyo na pini haizuii mazoezi: Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza judo Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa amefunika nywele. Kwenye michezo ya kushikana, mwanamke ana haki ya kuchagua wa kufanya naye mazoezi, na asiombwe maelezo. Ukumbi wenye wanawake watatu au wanne waliodumu mwaka mzima umeshayatatua mengi bila kutunga kanuni.

Mwenye pumu, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au selimundu aonane na daktari kwanza, kisha amweleze mwalimu, si kwa kumnong'oneza mwanafunzi mwenzake. Mtu wa miaka 40 anaweza kuanza bila wasiwasi, ila aanguke kutoka chini zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko kijana. Mara mbili kwa wiki zinamtosha yeyote. Misuli itauma, na maumivu hayo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Hayo ni ya kawaida, nenda tu mazoezini, jipashe moto taratibu. Maumivu ndani ya kiungo, goti linalovimba, bega linalochoma usiku ukiligeukia, ni habari nyingine na hayapiti kwa kuyavumilia.

Pambano la wazi, ambapo mwenzako hakuambii atafanya nini, lisikujie wiki ya kwanza. Mwalimu akuingize humo baada ya kukuona ukianguka vizuri bila kufikiri, na akupe mtu anayeweza kukutupa bila kukuumiza.

Swali la mwisho la kumuuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: mwanafunzi akigonga kichwa hapa, mnafanyaje? Anayejua atakuambia anamtoa mkekani saa ileile, hamrudishi siku hiyo hata akisema yuko sawa, anamtafutia mtu wa kumsindikiza nyumbani, na akianza kutapika, kusinzia ovyo au kulalamika kichwa kinazidi kuuma, anapelekwa hospitali bila kungoja asubuhi. Atakuambia pia kwamba harudi mazoezini mpaka kichwa kiache kuuma kabisa na daktari amruhusu, kwa sababu pigo la pili juu ya jeraha ambalo halijapona linaweza kuua. Ukijibiwa kwamba hapa hawalei walegevu, tafuta ndala zako mlangoni.