Dadu, mashini na mwamuzi

Wengi wananiuliza juu ya ile michezo ya video yenye kutupa dadu. Dadu inafanya nini ndani ya ordinatere? Tuanze kwa mwanzo.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa muchezo Dungeons & Dragons. Watu wanakaa kwenye meza, na kila muchezaji anashika mutu wake wa hadithi: askari, mwizi, padri. Mumoja kati yao ni mwamuzi. Yeye anasimulia hadithi na kukata maneno.

Tuseme unapiga adui kwa upanga. Unatupa dadu ya pande 20, unaongeza nguvu yako. Kama ulinzi wake ni 15 na nguvu yako ni 4, inakupasa kupata 11 ao zaidi. Ni nafasi 10 juu ya 20, ni kusema nusu. Hesabu hii ordinatere inaifanya mbio kutupita sisi. Hapo hakuna matata.

Matata ya kwanza iko katika zamu. Mezani kila mutu anangoja yake. Katika Baldur's Gate (1998), BioWare ya Kanada ilifanya wote wapigane wakati moja. Raundi ikawa sekunde 6, na muchezaji anaweza kusimamisha kila kitu, atoe amri, kisha aendelee. Katika Baldur's Gate 3 (2023), Larian ya Ubelgiji ilirudia zamu kama mezani.

Matata ya pili iko katika roho ya mutu. Ukiwa na nafasi ya nusu, kukosa mara 4 mufululizo ni jambo la mara 1 juu ya 16. Mezani unaona dadu kwa macho, unacheka. Mbele ya mashini utalalamika: inaniibia! Basi Larian iliweka njia ya kuzuia kukosa kufuatane sana. Asiyeitaka anaizima.

Lakini matata kubwa ni mwamuzi. Kuna neno la maajabu linalomwaga mafuta chini ili adui ateleze. Kitabu cha sheria cha 2014 hakisemi kama mafuta yale yanawaka. Mezani unauliza: «Nikitupa moto je?» Mwamuzi anafikiri, anajibu. Mashini haifikiri hivyo. Inapasa mutu akate neno mbele, kwa wachezaji wote, hata wale asiowajua. Larian ilisema: yanawaka. Kitabu kipya cha 2024 kinasema: hayawaki. Swali ni moja, majibu mawili, na kila jibu lina maana yake.

Ndiyo sababu kazi hii ni nguvu. Si kunakili sheria tu. Ni kuwaza mapema kila swali ambalo mutu angeuliza, maana siku ile hautakuwa pale kumusikiliza.

Mimi kapita wenu ninaelewa jambo hili. Karatasi yetu ukutani inasema: mwenye kuchelewa atafagia. Haijui kama asubuhi ile alipeleka mama yake hospitali. Karatasi haina masikio. Ni sisi tunaoishika ndio tunayo. Basi ukichelewa, sema sababu. Na sisi tusikie kwanza, kisha tukate neno.

Mungu awabariki katika masomo.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho