Oili Mpya Haikuua Giaboksi

"Fundi, nikimwaga oili ya giaboksi ya oto, si lori litakufa?" Nimeulizwa tena, safari hii na mzee aliyenunua lori kuukuu la jeshi ili abebe mchanga na maji huko Matinyani. Lori lina giaboksi ya Allison. Ukiweka D, linakaa kwanza kabla ya kushika, na bado mzee anaogopa sampu kufunguliwa. Swali hili nimelijibu miaka mingi, mteja mmoja mmoja. Nimechoka kulijibu hivyo.

Imani hii ilikotoka nakujua. Mtu anakaa na oili ileile hadi gia zinaanza kuteleza. Injini inanguruma, lori haliendi, ndipo anakumbuka oili. Anabadilisha Jumatatu, Ijumaa giaboksi inakata. Majirani wanatoa hukumu: oili mpya imeua. Hakuna anayeuliza kwa nini gia ziliteleza kabla oili hiyo haijanunuliwa. Mgonjwa akifikishwa hospitali akiwa mahututi, tusiseme kauawa na dripu.

Wengine wanashikilia kwamba ule unga mweusi kwenye oili kuukuu ndio unaosaidia klachi kushika, ukiumwaga umemwaga klachi. Ule unga ulikuwa klachi. Ni ngozi ya pleti iliyokwisha kuungua na kubanduka, na hairudi tena mahali pake. Katika giaboksi ya oto, oili ndiyo inayosukuma pistoni zinazobana pleti, ndiyo inayopitisha nguvu ndani ya konveta, na ndiyo inayolainisha na kupoza kila kitu. Unga ukizunguka humo unaziba filta na kukwamisha vali. Presha inashuka, pleti hazibanwi sawasawa, zinateleza, zinaungua, na unga unaongezeka. Kama klachi zimeisha kiasi kwamba zinategemea uchafu, giaboksi hiyo ni ya kufunguliwa, ubadilishe oili au usibadilishe. Sioni njia ya upole zaidi ya kulisema.

Muuaji ni joto. Lori linateremka kwenye mchanga wa mto Tiva wakati wa kiangazi, linapakiwa hadi juu, linazama. Dereva anakanyaga mafuta na magurudumu hayaendi popote. Nguvu yote ya injini inaishia kwenye konveta ikikoroga oili, na kukorogwa huko kunageuka kuwa joto. Oili iliyozoea nyuzi 80 au 90 inapita 120 upesi, na mafundi tuna kipimo chetu: kila nyuzi kumi hivi zikiongezeka, umri wa oili unapungua kwa nusu. Halafu wanalivuta kwa trekta hadi Kitui mjini, propela shafti ikiwa bado imefungwa. Pampu ya giaboksi inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani bila pampu kupeleka oili. Moja la namna hiyo nililifungua mwenyewe: pleti za chuma zimegeuka bluu, harufu ni ya muthokoi ulioshika sufuria. Mwenye lori alinionyesha risiti ya oili kama ushahidi wa mauaji.

Jeshi la Marekani lilitumia malori ya oto ya GMC, aina ya M135, tangu enzi za vita vya Korea. M939 za miaka ya 1980 zikaja na Allison ya gia 5. Ni malori ya matope na mito, na kitabu chake kinaagiza oili na filta vibadilishwe kwa ratiba, lori liwe na tatizo au lisiwe nalo. Sisi tulinunua lori, ratiba tukaiacha mnadani.

Sasa la kufanya. Pima oili ikiwa moto, injini ikinguruma, gia ikiwa nyutro. Usizidishe: ikizidi inapigwa ikawa povu, na povu halibebi presha. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, badilisha pamoja na filta. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, usiendeshe. Usidai kila oili iwe nyekundu: Allison za zamani zinataka kiwango cha C-4, na baadhi ya oili za injini zinakifikia, kwa hiyo soma kitabu. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya sampu ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa, tafuta pesa za ovaholi. Osha rejeta ya oili, vumbi linaiziba. Weka gia nzito kabla ya kuingia mchangani. Ukizama, acha kukanyaga, weka nyutro, injini ingurume hadi oili ipoe, kisha chukueni majembe. Ukivutwa, fungua propela shafti. Na anayekushauri umimine oili ya breki ili sili zivimbe, mkatalie: zitavimba kweli, kisha zitalainika na kuharibika.

Mzee alikubali hatimaye. Kwenye sumaku palikuwa na tope la kijivu tu, lakini filta ilikuwa imeziba. Lori limerudi Matinyani na filta mpya, oili mpya, na giaboksi ileile.