Panga za Kale na Bakora za Spring Valley

Wakenya waliokuwa uwanjani Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, na wale waliotazama kwa televisheni majumbani mwao, walimwona Rais Uhuru Kenyatta akimkabidhi mrithi wake, William Ruto, vitu viwili: Katiba na upanga. Maana ya Katiba haikuhitaji kufafanuliwa. Bali upanga, ambao hakuna jeshi la zama hizi liutegemealo vitani, ulisimama pale kwa niaba ya amri ya majeshi yote ya nchi, kama ulivyosimama mwaka 2013 Mwai Kibaki alipompa huyo huyo Uhuru. Silaha iliyokwisha kushindwa na bunduki zaidi ya karne moja iliyopita bado ndiyo inayochaguliwa kubeba heshima ya dola, na mwenye kulitafakari jambo hilo hatashangaa kwamba wako watu, katika Nairobi na kwingineko duniani, ambao hutumia mali na umri wao kuzitafuta panga za kale, kuzisoma na kuzihifadhi.

Mtaa wa Spring Valley, ulioko magharibi ya jiji, mwendo mfupi kutoka Westlands kwa barabara ya Lower Kabete, ni mahali panapofaa kuanzia habari hii. Kabla ya kuwa makazi, ardhi ya upande huo ilikuwa mashamba ya kahawa. Kisha zikajengwa nyumba pana zenye bustani, wakakaa ndani yake maofisa wa serikali ya kikoloni na walowezi, na baada ya uhuru wakaingia mabalozi, wafanyabiashara na wakubwa wa nchi. Sasa nyumba hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa, na kila nyumba inapohamwa, vitu vilivyolala darini na makabatini kwa miaka mingi hutolewa nje: vyombo vya fedha, picha, vitabu, na mara moja moja upanga uliofungwa katika kitambaa, au bakora ambayo uzito wake haulingani na unene wake. Vinapofika kwa dalali vimekwisha kutengana na watu waliovijua, na hapo ndipo hasara kubwa inapotokea, kwa maana upanga usio na habari zake ni chuma kilichonolewa tu, na bei yake hufuata hali hiyo.

Upanga ambao mkusanyaji wa Nairobi hutarajia kuukuta katika nyumba za namna hiyo ni ule wa ofisa wa askari wa miguu wa Kiingereza, wa mtindo uliowekwa mwaka 1897, ambao jeshi la Uingereza halijauacha hata leo katika gwaride. Kengee yake imenyooka, ina urefu wa sentimita 82 hivi, nyembamba, iliyokusudiwa kuchoma wala si kukata. Mpini umevishwa ngozi ya samaki taa na kuzungushiwa waya. Na kikingio cha mkono ni bamba la chuma lililotobolewa kwa nakshi, ambalo katikati yake pana herufi za mfalme au malkia aliyekuwa akitawala. Herufi hizo ndizo tarehe ya kwanza anayoisoma mkusanyaji: V na R ni Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901, E na R zenye namba VII ni Edward wa Saba, hata mwaka 1910, kisha hufuata George wa Tano, hata 1936. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, mwanzoni mwa enzi ya Edward, na kwa sababu hiyo panga za maofisa wa awali wa kikosi hicho aghalabu hubeba ama herufi zake yeye ama za mama yake.

Baada ya herufi, macho hugeukia kengee yenyewe. Karibu na mpini huchorwa jina la mtengenezaji, na likiwa ni Wilkinson wa London, basi juu ya mgongo wa kengee aghalabu huwa pana namba. Maana tangu miaka ya 1850 nyumba hiyo iliziandika panga zake bora katika madaftari, namba kwa namba, na madaftari hayo yalidumu ingawa Wilkinson waliacha kufua panga mwaka 2005. Kwa namba hiyo mtu aweza kuupata mwaka upanga ulipouzwa, na mara nyingi jina la aliyeununua. Na kwa jina hilo akazifuata orodha za maofisa zilizochapishwa na serikali, hata akajua mtu huyo alihudumu kikosi gani na katika nchi zipi. Sijui furaha katika kazi hii inayoshinda ile ya kuiona namba hafifu, iliyofunikwa na mafuta makavu ya miaka mingi, ikigeuka kuwa mtu mwenye jina.

Kwa ajili hiyo, sina budi kusema kwa ukali juu ya desturi ya kusugua. Watu wenye nia njema kabisa, wauonapo upanga wa babu umeingia weusi, huutwaa na kuusugua kwa msasa hadi ung'ae, na kwa kazi ya saa moja hupoteza kile ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha. Nakshi za kengee zimechorwa kwa tindikali, nazo hazina kina. Msasa huzifuta pamoja na jina, namba na herufi za mfalme. Ule weusi wa kale umetulia na hauli chuma. Adui ni kutu nyekundu, nayo huondolewa polepole kwa mafuta mepesi na kitambaa, bila haraka, siku baada ya siku. Kisha kengee hupakwa nta au mafuta kidogo, hushikwa kwa glavu kwa kuwa jasho la vidole lina chumvi, na huhifadhiwa nje ya ala yake ya ngozi, kwani ngozi hunyonya unyevu na dawa zilizoilainisha hula chuma taratibu. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, huzihurumia panga kuliko Mombasa na Lamu, ambako hewa ya bahari haimsamehe mzembe hata msimu mmoja.

Na huko pwani ndiko ziliko panga ambazo, kwa rai yangu, zingestahili kutafutwa na Mkenya kabla ya zile za London. Wazee wa pwani walizipambanua kwa aina zake: upanga wa feleji, mrefu, ulionyooka, wenye makali kuwili, kitara, uliopinda, na jambia la kiunoni, ambalo muungwana hakutoka bila ya kulivaa siku ya shughuli. Upanga wa Kiomani, wenye mpini wa mviringo usio na kikingio, uliofungwa ngozi au nyuzi za fedha, ulichukuliwa begani kwa ukanda pamoja na ngao ndogo ya duara; nao ndio utumikao katika razha, mchezo wa watu wa Oman uliohamia nao Unguja, ambamo mchezaji huutikisa mkono hadi kengee itetemeke, kisha huurusha upanga juu na kuudaka kwa mpini. Katika Lamu, bwana arusi anayefuata desturi bado hutoka kwa kilemba na joho, jambia kiunoni na upanga mkononi. Hizi si silaha zilizokufa kwenye kioo cha makumbusho; baadhi yake zingali na kazi, na mwenye kuzikusanya hana budi kuwauliza wenyewe kabla ya kuwapa bei.

Ajabu ya panga hizo ni kwamba kengee zake nyingi hazikufuliwa Uarabuni wala pwani yetu. Zilitoka Ulaya, hasa mji wa Solingen katika Ujerumani, ambao wahunzi wake kwa karne nyingi walifua kengee kwa ajili ya masoko ya mbali. Zikavuka bahari kama bidhaa nyingine yoyote, na masonara wa huku wakazitia mipini, ala na mapambo ya fedha kwa kadiri ya mali ya mnunuzi. Mkusanyaji mgeni akiuona upanga wa Kiarabu wenye alama ya mbwa mwitu anayekimbia, hudhani ameuziwa kitu cha kubuni, ilhali alama hiyo, iliyoanza katika mji wa Passau na kuchukuliwa na mafundi wa Solingen, imo katika panga halali nyingi za Oman na za Afrika. Lakini pia iliigwa na wahunzi wengi, hata mbwa mwitu peke yake hathibitishi lolote. Ni lazima kengee, mpini, ala na habari za mwenye mali zikubaliane.

Bara nako kuna sime, ya Wamasai, ya Wakikuyu na ya jirani zao, ambayo kengee yake ni nyembamba karibu na mpini, ikapanuka kuelekea ncha, na ala yake ni ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Wahunzi wa Kikuyu waliupata chuma kwa kuosha mchanga mweusi wa mitoni na kuuyeyusha kwa makaa. Baadaye chuma kilichoagizwa, tupa zilizochakaa na springi za magari zikachukua nafasi ya mchanga huo. Sime nyingi za soko la watalii ni za juzi, wala si kosa kuzinunua kwa uzuri wake. Bali sime zilizobebwa msituni katika vita vya Mau Mau vya miaka ya 1950 ni silaha za kijeshi kwa haki kamili, sawa na upanga wa ofisa yeyote. Barabara inayopita karibu na Spring Valley ina jina la Jenerali Mathenge wa vita hivyo, na katikati ya jiji sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa mwaka 2007, imeshika bunduki na jambia. Lakini ni nyumba ngapi zilizoiandika habari ya sime ya babu yao?

Tuje kwenye bakora. Katika Ulaya ya karne ya 18 muungwana alitembea mjini na upanga ubavuni. Desturi hiyo ilipofifia kuelekea mwisho wa karne hiyo, na fimbo ikashika mahali pake, mafundi waliificha kengee ndani ya fimbo. Fimbo hizo aghalabu ni za henzirani au za mti mgumu mweusi; kengee ni nyembamba, mara nyingi yenye pande tatu au nne; na kichwa cha bakora ndicho mpini. Nyingine hufunguka kwa kuvutwa tu, nyingine kwa kubonyeza kitufe au kuzungusha shingo. India ilikuwa na zake, ziitwazo gupti, na mkusanyaji wa Nairobi, mji ambao watu wa Uingereza na wa India walikutana tangu siku za kujengwa reli, hana budi kujua kuzitenga. Bakora ya Kiingereza yenye pete ya fedha shingoni ina mihuri midogo: simba atembeaye, ambaye ni dhamana ya fedha safi, alama ya mji, na herufi moja inayotaja mwaka. Hata hivyo, pete huweza kutolewa katika fimbo moja ikatiwa nyingine, kwa hiyo fundi hutazama zaidi maungio: katika kazi njema ya kale mishipa ya mti huendelea juu ya mkato bila kukatika, na kengee huingia kwa ulaini, haichezi ndani. Bakora mpya za kuwauzia wageni, zenye vichwa vya wanyama vya shaba, hushindwa mtihani huo mara moja.

Pwani, bakora ni sehemu ya adabu ya mzee, na wachezaji wa goma la Lamu husimama kwa safu wakizishika mbele ya kadamnasi, wala hakuna kificho. Bakora yenye kengee ndani ni kitu kingine, na mahali pake ni nyumbani, ndani ya kabati lililofungwa. Uingereza ilikataza kuziuza mwaka 1988, isipokuwa zilizozidi umri wa miaka mia. Nchini Kenya, anayetembea nayo barabarani asitarajie kwamba polisi watauona ukale wake kabla ya kuuona ukali wake.

Zipo sheria mbili nyingine ambazo mkusanyaji asiyezijua atajuta. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kihamishikacho, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya, au kilichoingizwa nchini, kabla ya mwaka 1895, na hakiruhusiwi kutolewa nje bila kibali. Upanga ulioshikwa na wafuasi wa Mbaruk bin Rashid Mazrui walipopigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 yamkini umo katika hesabu hiyo. Na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimhurumii mwenye pembe za ndovu au za kifaru bila kibali, hata zikiwa ni mpini wa jambia la babu wa babu. Kabla ya kununua mpini mweupe, uliza kwanza ni mfupa au ni pembe.

Mkusanyaji mkubwa kuliko wote katika nchi hii alikuwa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, ambaye mali yake ya sanaa na vitu vya jadi iliingia mikononi mwa serikali katika miaka ya 1970, na sehemu yake yatazamwa na umma katika jengo la Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue. Upo pia mkusanyo wa aina nyingine: Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen, ofisa wa King's African Rifles, fimbo zake za utawala zilichukuliwa hadi Uingereza, zikarudi Kenya mwaka 2006. Zilirudi kwa sababu ilijulikana zilikuwa za nani, na zilichukuliwa siku gani na mkono wa nani.

Basi, msomaji, ikiwa nyumbani mwenu kuna upanga, sime, jambia au bakora ya mzee, iwe ni Spring Valley, Murang'a au Lamu, usiusugue wala usiupeleke kwa dalali bado. Twaa karatasi, uandike ulikuwa wa nani, aliupata wapi na lini, na nani amekupa habari hizo. Upige picha, uiweke karatasi pamoja nao, na nakala moja uipeleke Makumbusho ya Taifa. Wazee wanaozijua habari hizo wangalipo. Waulizeni mwaka huu.