Jua la Dodoma na hesabu ndefu ya ozoni

Kila Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la saa sita mchana husimama karibu wima juu ya Dodoma. Hapo ndipo utasikia watu wakisema joto limezidi kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka. Sivyo. Shimo la ozoni lililotangazwa na wanasayansi Farman, Gardiner na Shanklin mwaka 1985 hutokea juu ya Antaktika, na joto la dunia linapandishwa hasa na hewa ya ukaa. Juu ya uwanda wetu wa kati hapajawahi kuwa na shimo.

Tabaka letu ni jembamba kwa asili yake. Ozoni nyingi huzaliwa katika anga ya juu ya ukanda wa ikweta, kisha mikondo ya hewa huihamisha polepole kuelekea kwenye ncha za dunia. Inayobaki kwetu mara nyingi ni kati ya vizio 240 na 280 vya Dobson. Maana yake, ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako ikikusanywa na kushushwa hadi usawa wa bahari, penye nyuzi sifuri, haifikii unene wa milimita 3.

Tumejuaje? Zaidi ya kilometa 500 kaskazini mwa Dodoma, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikitumia kifaa cha Dobson jijini Nairobi tangu 1984. Kifaa hicho hulinganisha mawimbi mawili ya mionzi ya urujuanimno, moja linalomezwa sana na ozoni na jingine linalomezwa kidogo. Tofauti yake ndiyo kipimo. Tangu 1996, kwa ushirikiano na Uswisi, hurushwa pia maputo yenye chombo kidogo cha kemikali. Hewa inapopita ndani yake, ozoni huzalisha umeme hafifu, na redio hutuma vipimo hadi puto lipasuke, mara nyingi kilometa 30 hivi juu.

Kupima mara moja ni rahisi. Kazi ipo katika kupima kwa miaka 40 na bado kuamini tarakimu zako. Mabadiliko yanayotafutwa ni ya asilimia chache tu, huku ozoni ya ikweta ikipanda na kushuka yenyewe kufuatana na pepo za anga ya juu zinazogeuka kila baada ya miezi 28 hivi, na mzunguko wa jua wa miaka 11. Mlima Pinatubo ulipolipuka mwaka 1991, vumbi na gesi zake ziliivuruga ozoni ya dunia nzima. Yote hayo lazima yatenganishwe na athari za kemikali zetu zinazoiharibu ozoni. Nacho kifaa huchakaa: kama mizani ya dukani isiyokaguliwa, kinaweza kupunja kidogo kidogo bila mtu kugundua. Ndiyo maana vifaa vya Dobson hulinganishwa mara kwa mara na kile cha kiwango cha dunia, namba 83, kinachotunzwa Boulder, Marekani.

Uvumilivu huo umezaa matunda. Vipimo vya dunia vinaonyesha kuwa ozoni nje ya ncha za dunia iliacha kupungua katika miaka ya 1990, baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kubana kemikali zilizokuwa zikiiharibu. Tathmini ya wanasayansi ya 2022 inatarajia irejee kiwango cha 1980 ifikapo mwaka 2040 hivi. Katika ukanda wa ikweta, jumla ya ozoni haijabadilika kwa kiasi kinachoonekana.

Kwa afya yetu, hata hivyo, habari hiyo njema haitoshi. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi ya urujuanimno ya jua inavyozidi. Huunguza hata Julai, upepo wa baridi unapomfanya mchungaji wa Chamwino au mkulima wa zabibu wa Hombolo asilihisi jua. Mionzi hiyo huchangia mtoto wa jicho, na kwa ndugu zetu wenye ualbino huleta saratani ya ngozi mapema mno. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua kwao ni tiba, na inastahili kupatikana katika kila zahanati.

Nanyi mafundi wa friji na viyoyozi: gesi ya R22 bado imo katika mitambo mingi ya zamani, nayo inakula ozoni. Msiifungulie hewani. Ivuteni kwenye mtungi kabla ya kufungua bomba.